Bibi wa Lindi ndani ya ngalawa yenye mabawa

Saa moja asubuhi, mvua ikinyesha rasharasha, rubani aliyevaa buti za mpira alikuwa amechuchumaa juu ya boya la ndege yake akivuta maji kwa pampu ya mkono. Alichomeka pampu kwenye tundu moja, akavuta mara tatu nne mpaka ikakohoa hewa, kisha akahamia tundu lililofuata.

Bibi mwenye umri wa miaka 71, mzaliwa wa Lindi, alimtazama kutoka gatini huku amejifunga kanga juu ya koti zito.

"Kumbe nayo inavuja," alisema. "Basi hii ni ngalawa. Ngalawa yenye mabawa."

Mjukuu wake wa kike mwenye miaka 10 alicheka. Mkwewe hakucheka. Macho yake yalikuwa ng'ambo ya maji, mahali ambapo kisiwa cha jirani kilitakiwa kuonekana, na hakikuonekana. Ukungu ulikuwa umekifunika chote.

Hapo ni Ketchikan, mji wa wakazi wapatao 8,000 kusini mwa Alaska, Marekani. Bibi alikuwa amekwenda Seattle kumtembelea binti yake wakati wa kiangazi cha huko. Mkwewe, ambaye tangu utoto wake Mwanza alikuwa akisimama kila ndege inapopita angani, alikuwa ameweka akiba kwa miezi mingi ili familia nzima ya watu watano ipande ndege ya majini na kuona mojawapo ya pwani ambazo binadamu hajaziwekea barabara. Kwa mtu mmoja safari hiyo hugharimu dola mia kadhaa. Kwa watano, ni fedha ambayo baba wa familia haisahau kirahisi.

Saa mbili ilipofika, mhudumu wa ofisini aliwaambia wasubiri hadi saa tatu. Saa tatu akasema saa tano. Saa tano rubani mwenyewe akaja, akavua kofia, akasema leo hakuna kuruka.

"Lakini hapa mvua ni ndogo tu," baba alisema.

Rubani hakubishana. Alimwonyesha picha za kamera za hali ya hewa ambazo mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani imezifunga sehemu nyingi za Alaska, na ambazo hata abiria anaweza kuzitazama kwenye simu yake. Picha ya njia waliyotakiwa kupita ilikuwa nyeupe tupu, kama shuka iliyoanikwa mbele ya lenzi.

Mji unaopimwa kwa mvua

Ketchikan imejengwa kwenye ukingo mwembamba kati ya mlima na bahari, katika kisiwa cha Revillagigedo. Hakuna barabara inayouunganisha na bara. Anayetaka kuingia au kutoka hupanda meli au ndege. Hata uwanja wa ndege uko kisiwa kingine, Gravina, na abiria huvuka mlango wa bahari kwa kivuko kwa dakika chache. Bibi aliposhuka kwenye kivuko hicho alisema kimemkumbusha Kigamboni, isipokuwa hapakuwa na mtu wa kumuuzia karanga.

Mvua ndiyo sifa ya mji. Kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 3,500, karibu mara tatu ya inayonyesha Dar es Salaam. Wenyeji huiita jua la maji, na karibu na gati la meli za kitalii kuna kipimo kikubwa kinachomwonyesha mgeni mvua iliyonyesha. Watoto huvaa buti za mpira kwenda shule. Mvuvi haahirishi kazi kwa sababu ya manyunyu. Kwa hiyo mgeni anapoambiwa ndege haitaruka, ajue kwamba kinachozuia si mvua inayomlowesha kichwa, bali ni mawingu yaliyoshuka chini mno kati ya milima.

Mchana huo familia ilikwenda kutazama nguzo ndefu za mwerezi zilizochongwa tai, kunguru na dubu. Ni kazi ya mikono ya Watlingit na jirani zao Wahaida na Watsimshian, watu ambao wamevua na kusafiri katika maji hayo kwa maelfu ya miaka, kabla ya Mzungu yeyote kuyachora kwenye ramani. Bibi alizigusa kwa viganja, akasema fundi wa milango ya Lindi na fundi wa nguzo hizi wangeweza kukaa pamoja kutwa nzima bila kuhitaji mkalimani.

Jioni, kwenye nyumba waliyopanga kwa siku tatu, chai ya tangawizi ikiwa mezani, bibi alianza kusimulia habari ambayo hata binti yake hakuwahi kuisikia.

Marehemu baba yake alikuwa kijana bandarini Lindi wakati ndege kubwa za majini za Waingereza zilipoanza kutua ghubani. Ilikuwa kuanzia mwaka 1937. Ndege hizo zenye injini nne zilisafirisha barua na abiria wachache kutoka Uingereza hadi Durban, Afrika Kusini. Katika ukanda huu zilitua majini Port Bell, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, kisha zikaendelea Msumbiji.

"Baba alikuwa akisema inashuka kama bata," bibi alisimulia. "Inakata maji, inatulia, halafu inakuja mashua kuwachukua watu. Sisi watoto tulidhani anatutania. Ndege itue baharini isizame?"

Mkwewe aliweka kikombe chini. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, alitabasamu.

Kwa nini rubani husema hapana

Safari nyingi za aina hii huruka kwa kutegemea macho ya rubani. Anatakiwa aone mlima ulio mbele, maji yaliyo chini na ndege nyingine iliyo jirani. Ukungu ukifunga bonde, anabaki na nafasi ndogo sana ya kugeuza, kwa kuwa pande zote mbili ni ukuta wa mawe.

Eneo la Ketchikan limelipia somo hili kwa maisha ya watu. Juni 2015 ndege ya watalii iligonga mlima ikirudi kutoka kutazama fiodi, na wote tisa waliokuwamo walifariki. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilichunguza, ikaeleza kwamba rubani aliendelea kuruka kwa macho katika hali ya hewa isiyoruhusu, na kwamba ndani ya kampuni kulikuwa na mazoea ya kuvumilia jambo hilo, huku ushindani wa biashara ukisukuma. Agosti 2021 ndege nyingine ya watalii ilianguka eneo hilo hilo, watu sita wakafariki.

Ajali ya Mei 2019 ilikuwa ya namna nyingine. Ndege mbili za watalii ziligongana angani na watu sita walifariki. Uchunguzi ulionyesha jinsi ilivyo vigumu kwa rubani kuiona kwa wakati ndege inayomjia, hata mchana kweupe. Kwa hiyo si vibaya mzazi kuuliza kama ndege imefungwa vifaa vinavyomwonyesha rubani ndege zilizo karibu.

Habari hizi hazimaanishi kwamba safari hizo zisifanyike. Kila kiangazi maelfu ya watu huruka na kurudi salama. Zinachotuonyesha ni kwamba swali la kwanza kabla ya kulipa lisiwe bei, wala dirisha lipi lina picha nzuri. Liwe hili: rubani akisema leo hapana, nani atamshinikiza aseme ndiyo? Mara nyingine anayeshinikiza ni abiria mwenyewe, aliyelipa, aliyeahidi watoto, na ambaye meli yake inaondoka jioni.

Familia hii haikuwa na meli ya kuwahi. Ilikuwa na siku mbili mbele. Lakini usiku huo mtihani ulihama kutoka angani ukaingia chumbani.

Pua ya mtoto wa miaka mitano

Saa nne usiku mtoto wa kiume, mwenye miaka mitano, aliamka akilia na kushika sikio la kulia. Mwili ulikuwa wa moto kidogo na kamasi zilikuwa zimeziba pua. Mama yake alimpa dawa ya kushusha homa kwa kipimo cha uzito wake, akambeba. Alfajiri homa ilishuka na maumivu yakapungua, lakini pua ilikuwa bado imeziba.

Mbingu nazo, kama kwa makusudi, zilikuwa zimefunguka. Ng'ambo ya maji kisiwa cha Gravina kilionekana chote, kijani, mpaka mti mmoja mmoja.

"Tumtie matone puani, itafunguka," baba alisema. "Ni saa moja na nusu tu."

Mama alipiga simu kliniki ya watoto Seattle. Muuguzi aliyepokea alisema mtoto aonwe na daktari iwapo maumivu yatarudi, na kwamba ingekuwa vyema asiruke siku hiyo.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa. Chumba hicho kinaunganishwa na koo kwa mrija mwembamba, na kila tunapomeza au kupiga miayo mrija hufunguka, hewa ya ndani ikalingana na ya nje. Mtoto akiwa na mafua, mrija huvimba na kuziba. Ndege inapopanda, hewa ya ndani hutanuka na mara nyingi hupata njia ya kutoka. Inaposhuka ndipo shida huanza, maana hewa ya nje inasukuma ngoma ya sikio kwa ndani na mrija hautaki kufunguka. Mrija wa mtoto mdogo ni mfupi na mwembamba kuliko wa mtu mzima, ndiyo maana watoto hulia zaidi ndege inapotua.

Ndege ya majini hairuki juu kama ndege kubwa, kwa hiyo mabadiliko ya hewa ni madogo zaidi. Lakini haina mitambo ya kurekebisha hewa ndani, na kati ya milima rubani hupanda na kushuka mara kwa mara. Ndani hakuna choo, hakuna pa kumlaza mtoto, na kelele za injini hazimwachi mgonjwa apumzike. Mtoto mwenye sikio linalouma akianza kulia juu ya fiodi, hakuna kituo cha karibu cha kushuka.

Kimya kilikaa mezani. Bibi ndiye aliyekivunja.

"Baba, mimi nitabaki na mjukuu wangu," alimwambia mkwewe. "Mimi nimeshaiona dunia. Nendeni nyinyi."

"Hapana, Mama," alijibu. Alikuwa akiongea taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo bila kutaka uanguke. "Wewe ndiye unayeijua habari ya baba yako. Mimi nitabaki na mtoto."

Mkewe alimtazama. Alijua miezi ile ya akiba. Alitaka kusema atabaki yeye, lakini mumewe alikuwa ameshaanza kumvalisha mtoto koti la mvua la njano ili wawasindikize gatini.

Ofisini walimrudishia fedha za viti viwili, kwa kuwa mume na mke wazee waliokuwa kwenye orodha ya kusubiri walivichukua palepale. Si kila kampuni hufanya hivyo, na mzazi mwenye watoto wadogo anafaa kusoma masharti ya kurudishiwa fedha kabla ya kulipa.

Kupanda juu ya maji

Ndege yao ilikuwa aina ya Beaver, ya Kanada, ambayo iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1947. Zilitengenezwa zaidi ya 1,600, na za mwisho zilitoka kiwandani mwaka 1967. Nyingi bado zinafanya kazi Alaska, zikitunzwa na kufumuliwa injini kila baada ya saa maalumu za kuruka. Hii ilikuwa ya miaka ya 1950, rika la bibi, na alipoambiwa hivyo aliipigapiga ubavuni.

Kabla ya kupanda, kila abiria aliulizwa uzito wake. Si utani wala udadisi. Ndege ndogo hupangwa kama mashua: mzigo ukiegemea upande mmoja au nyuma, inasumbua kunyanyuka. Mtu asipunguze kilo kwa aibu.

Kisha wakapewa jaketi za kujiokolea zilizokunjwa ndani ya kimfuko cha kufunga kiunoni. Rubani alirudia agizo moja mara mbili: msijaze hewa mkiwa ndani. Ndege ikipinduka majini na mtu akiwa ameshavimba kwa jaketi, maji yatamnyanyua hadi darini na hataweza kupiga mbizi kuufikia mlango. Pwani yetu inalijua hilo. Novemba 1996 ndege ya abiria iliyotekwa nyara ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi iliishiwa mafuta, ikaanguka baharini karibu na Ngazija. Watu 125 kati ya 175 walifariki. Miongoni mwao wapo waliokuwa wamejaza hewa jaketi zao mapema.

Binti wa miaka 10 alitakiwa aonyeshe kwa mkono wake mwenyewe jinsi ya kufungua mkanda na mlango. Aliweza. Bibi, ambaye husumbuliwa na kichefuchefu hata kwenye basi la Mtwara, aliwekwa mbele karibu na rubani, mahali ambapo jicho linaona mbali. Asubuhi alikuwa amekula mkate mkavu na chai kidogo tu. Wote walivaa hedfoni, maana injini ya ndege hiyo inanguruma kiasi cha kuumiza masikio.

Ndege ya majini haina breki. Pangaboi likianza tu kuzunguka, safari imeanza. Rubani aliielekeza kwenye upepo, akavuta nguvu zote, pua ikainuka, maji yakapiga madirisha, kisha ndege ikajilaza sawa na kuanza kuteleza juu ya maji kama jiwe la mtoto. Bibi alifumba macho. Alisikia mtikisiko ukiisha ghafla, kama gari linapotoka kwenye vumbi na kuingia lami.

"Bibi, fumbua!" sauti ya mjukuu ilimwingia masikioni. "Tuko juu!"

Wakati huo gati, pamoja na koti la njano, vilikuwa vimeshapita nyuma yao.

Pwani isiyo na barabara

Misty Fjords ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi na Rais Jimmy Carter mwaka 1978. Ukubwa wake ni takribani kilomita za mraba 9,000, zaidi ya mara tatu ya Unguja na Pemba kwa pamoja. Ndani yake hakuna mji wala barabara. Anayetaka kuingia hutumia mashua au ndege ya majini.

Dakika chache baada ya kuruka, nyumba ziliisha. Ikabaki misitu ya misonobari na mierezi, na maziwa madogo yaliyokaa juu milimani kama maji kwenye kiganja. Mengine yalimwaga maji yake moja kwa moja kwenye genge, uzi mweupe ukashuka hadi baharini.

Wakaukuta mkono mpana wa bahari uitwao Behm Canal. Katikati yake, peke yake, kilisimama kinguzo cha mwamba mweusi wa volkano chenye urefu wa mita 70 hivi, miti imeota kichwani. Ni New Eddystone Rock, jina alilokipa nahodha Mwingereza George Vancouver alipopita hapo mwaka 1793, kwa kuwa kilimkumbusha mnara wa taa wa kwao.

Kisha rubani akakata kona kuingia ghuba ya Rudyerd. Hapo ndipo mtu anaelewa fiodi ni nini. Ni mkono wa bahari, mrefu na mwembamba, ulioingia ndani ya milima. Zamani za barafu kuu, mito ya barafu ilishuka polepole ikikwangua mawe kama mbuzi inavyokwangua nazi. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikaingia kwenye mifereji hiyo. Kuta za graniti hupanda kutoka majini hadi mita 900 hivi, nyingine wima kabisa. Kwenye mwamba mmoja kulikuwa na vidoa vyeupe. Rubani alisema ni mbuzi wa mlimani. Mama alihesabu wanne, binti akasema watano.

Ndege ilishuka kati ya kuta hizo. Binti alianza kutafuna na kumeza kama alivyofundishwa, masikio yakafunguka kwa mlio mdogo. Maji yalikuwa yametulia kama kioo, na jambo la ajabu ni kwamba maji ya namna hiyo ndiyo yanayompa rubani kazi, kwa sababu jicho haliwezi kupima umbali wake. Alitua karibu na ukingo ili ufuo umsaidie kukadiria. Maboya yakagusa. Injini ikazimwa.

Kelele ilipoisha, masikio yalichukua muda kuamini. Kisha sauti zikaanza kurudi moja moja: maporomoko mbali, maji yakilamba boya, na tai mwenye kichwa cheupe akilia kwa sauti nyembamba isiyolingana na mwili wake.

Rubani alifungua mlango, na abiria mmoja mmoja, wakiwa wameshikwa mkono, wakasimama juu ya boya. Bibi aliposimama hakutazama juu kama wengine. Alitazama ukingo wa mwamba. Kulikuwa na mstari mweusi wenye mwani na kombe ndogo, juu yake mstari mweupe, juu yake ndipo miti ilipoanza.

"Maji yanakupwa," alisema. "Na hapa yanakwenda mbali kuliko kwetu."

Ni kweli. Katika maji hayo tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kupita mita sita wakati wa bamvua. Rubani, alipotafsiriwa, alimtazama bibi kwa heshima mpya, akamuuliza kama kwao ni wavuvi.

"Kwetu ni pwani," alijibu.

Aliinama polepole, binti yake akimshika kiunoni, akachovya kidole majini na kukigusisha ulimini. Uso wake ulibadilika.

"Haina chumvi!"

Mjukuu naye akaonja. Haikuwa na chumvi, au ilikuwa nayo kidogo sana. Mvua na mito inayoporomoka kwenye kuta hizo hutandaza maji baridi juu ya maji ya bahari, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito na hubaki chini. Bibi alikitazama kidole chake kwa muda.

"Anakaa nani hapa?" aliuliza.

Rubani alisema dubu, mbwa mwitu, na samaki aina ya salmoni wanaorudi mitoni kuzaa. Na zamani Watlingit walikuja kuvua, na bado wapo wanaokuja.

Kwa mzazi anayepanga safari kama hii

Popote pa kupanda ndege ndogo, iwe Alaska au visiwani kwetu, mambo ya msingi ni yale yale. Tenga siku ya akiba, ili hali ya hewa isikulazimishe. Uliza mapema nani huamua kuahirisha na fedha zinarudi vipi. Mtoto mwenye mafua makali, homa au maumivu ya sikio asipande kabla ya kuonwa. Anayenyonya anyonyeshwe wakati ndege inashuka, na mkubwa apewe kitu cha kutafuna au maji ya kunywa.

Watoto wa kati ya miaka miwili na 12 ndio husumbuliwa zaidi na kichefuchefu cha safari. Wape chakula chepesi, waketi mahali pa kuona mbali, wasichezee simu. Dawa za kuzuia kutapika huleta usingizi na si zote zinazowafaa wadogo, hivyo mwulize mfamasia kabla. Mjamzito aulize kliniki yake. Aliyepiga mbizi kwa mtungi asubiri, na saa 24 ndiyo tahadhari inayopendekezwa na wengi.

Na kila mtoto, hata mdogo, awe na kiti chake. Sheria ya Marekani inaruhusu aliye chini ya miaka miwili kupakatwa, lakini mamlaka yenyewe inashauri afungwe kwenye kiti maalumu. Mikono ya mzazi haishindi mtikisiko mkubwa.

Gatini

Ndege iliporudi, koti la njano lilikuwa pale pale. Mtoto alikuwa ameketi kwenye mabega ya baba yake, pua bado nyekundu, lakini macho maangavu.

"Bibi! Mlipita juu yetu. Tuliwapungia. Uliniona?"

Bibi alishushwa gatini kwanza, akanyoosha magoti, akafikiri.

"Sikukuona, mjukuu wangu. Nilifumba macho. Niliogopa."

Mtoto alilipokea jambo hilo bila kulalamika. Labda hakuwahi kufikiri kwamba bibi naye huogopa.

"Lakini nimeonja bahari ya huko," bibi aliendelea. "Haina chumvi."

"Si kweli!"

"Muulize dada yako."

Baba hakuuliza kuhusu milima. Alimwuliza mkewe kama Mama hakutapika, akamwuliza binti kama masikio yalifunguka. Kisha akasimama akiitazama ndege, mikono mfukoni. Mkewe alikuja akasimama karibu naye, bega kwa bega, wala hakumwonyesha picha kwenye simu.

Rubani alikuwa ameshachuchumaa tena juu ya boya na pampu yake. Alimwona mtoto akimtazama, akamtazama baba kuomba ruhusa, akanyoosha mkono. Baba akashuka naye, akamshika jaketi kwa nyuma, na mtoto akavuta pampu kwa mikono miwili, mara moja, mara mbili, maji yakamwagika kwenye buti zake, mpaka pampu ikakohoa hewa.